Ninga wa Pemba: njia tatu za kumhifadhi, na ipi itangulie

Anayemtafuta ninga wa Pemba, njiwa wa kijani alaye matunda, kwa macho mara nyingi hurudi hajamwona, lakini anayesimama kimya chini ya mkuyu ulioiva asubuhi mapema, pembezoni mwa Msitu wa Ngezi, humtambua kwa kinachoanguka: vipande vya makuyu vilivyodonolewa, tunda zima moja baada ya jingine likigonga majani makavu, na juu kabisa tawi linalotikisika ilhali hakuna upepo. Kijani cha mgongoni na kijivu cha kichwani na kifuani humficha ndani ya majani hata pale ndege kumi wanapokuwa katika mti mmoja. Mtu akikohoa au akikanyaga kijiti, kundi zima huruka kwa kishindo cha mbawa, na ndipo mtazamaji anapong'amua kwamba mti aliodhani ni mtupu ulikuwa umejaa.

Ndege huyu hapatikani kwingine duniani. Makazi yake yote ni kisiwa chenye takriban kilomita za mraba 988, na alielezwa kisayansi kuwa spishi inayojitegemea mwaka 1940 na Pakenham, ofisa wa serikali ya kikoloni Zanzibar aliyekuwa na mapenzi makubwa na ndege, akapewa jina la Treron pembaensis. Pemba ina ndege wengine watatu ambao ni wake peke yake, yaani bundi mdogo wa Pemba, chozi wa Pemba, na yule ndege mdogo wa manjano mwenye duara jeupe kuzunguka jicho. Kati ya hao wanne, ninga ndiye anayewindwa kwa ajili ya nyama, na ndiye anayetegemea zaidi matunda ya miti mikubwa. Kwa hiyo mambo mawili yanayopungua Pemba, yaani miti mikongwe na utulivu, yote mawili yanamhusu yeye moja kwa moja.

Watu wanaotaka kumsaidia si haba. Wamo walimu wenye vilabu vya mazingira shuleni, kamati za shehia zinazopakana na msitu, na Wapemba walioko Maskat, Dubai na London ambao huchangishana kwa ajili ya kisima au msikiti na sasa wanauliza kama wanaweza kuchangia pia jambo la viumbe. Swali lao huwa moja: juhudi hizi chache zielekezwe wapi? Mapendekezo yanayotolewa, ukiyachuja, ni matatu. La kwanza ni kuwafuga ninga vizimbani, wazaliane, kisha waachiliwe. La pili ni kuwahamishia baadhi yao kisiwa kingine ili pakitokea msiba Pemba wabaki wengine mahali pengine. La tatu ni kubaki hapo hapo, kulinda miti wanakokula na kulala, na kukubaliana na watu wanaoishi chini ya miti hiyo. Kila moja kati ya njia hizi imewahi kutumika kwa kiumbe cha kisiwani na ikaleta matokeo yanayoweza kuchunguzwa, na ndiyo maana inafaa kuziweka pamoja kabla ya mtu kufungua mkoba.

Kufuga na kuachia: Mauritius

Mfano mkubwa wa njia ya kwanza ni njiwa wa waridi wa Mauritius. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wamebaki takriban 10 tu porini, katika misitu ya kusini magharibi mwa kisiwa hicho. Leo wapo mia kadhaa, na daraja lao la hatari ya kutoweka limeshushwa mara mbili, mwaka 2000 na tena mwaka 2018. Kwa idadi peke yake, ni vigumu kupata njia iliyofaulu kuliko hii, na mtu anayeipendekeza kwa Pemba ana hoja ya haki.

Lakini lazima tutazame kilichofanyika ili kufikia hapo. Kazi ya kuwafuga ilianza katika miaka ya 1970, baadhi ya ndege wakitunzwa Mauritius kwenyewe na wengine wakipelekwa katika bustani ya wanyama ya kisiwa cha Jersey. Njiwa wa waridi hawakuwa walezi wazuri wakiwa vizimbani, hivyo mayai yao yaliwekwa chini ya tetere wa kufugwa ili wayaatamie na kuwalisha makinda. Kuanzia mwaka 1987 ndege waliozaliwa vizimbani walianza kuachiwa msituni, ambako panya, paka, nguchiro na kima wa kuletwa kutoka Asia walikuwa wakiwasubiri. Ilibidi kutega mitego kwa miaka mingi, kuweka vituo vya kuwapa ndege nafaka, na kukabiliana na maradhi ya koo yanayoenezwa na njiwa wa kigeni wanaokuja kula katika vituo hivyo hivyo. Baadhi yao waliwekwa katika Ile aux Aigrettes, kisiwa kidogo cha hekta 26 kisicho na maadui hao. Leo, baada ya takriban nusu karne, bado wapo watu wanaoamka kila siku kuwalisha na kuwahesabu, na uchunguzi wa vinasaba umeonya kwamba kwa kuwa wote wametokana na wazazi wachache mno, wanaweza kutoweka ndani ya miaka 50 hadi 100 ijayo wasipochanganywa na damu iliyohifadhiwa katika bustani za wanyama.

Njia hii, basi, ni ya hospitali. Inamfaa mgonjwa aliyefikia kupumulia mashine, na inahitaji wauguzi wa kudumu, dawa na mishahara isiyokatika. Ninga wa Pemba hajafikia hapo. Bado huonekana akiruka juu ya barabara ya Konde, bado hulala katika mashamba yenye miembe mikubwa, na kuwakamata ndege wenye afya ili kuwaweka kizimbani ni kuwapunguza porini kwa mikono yetu wenyewe. Zaidi ya hayo, njiwa wa waridi hula majani, machipukizi, maua na mbegu pamoja na matunda, hivyo ngano na mahindi yaliyovunjwa hayakumshinda. Ninga ni mla matunda hasa, na kumtunza maana yake ni kumtafutia matunda mabivu kila siku ya mwaka. Mtu yeyote aliyewahi kufuga kasuku anajua tofauti ya gharama kati ya debe la mtama na kikapu cha matunda.

Kuhamishia kisiwa kingine: visiwa vya Marquesas

Njia ya pili inaonyeshwa vizuri na njiwa mkubwa aitwaye upe, wa visiwa vya Marquesas katika Polinesia ya Ufaransa. Ndege huyu ana urefu wa takriban sentimita 55, takriban mara mbili ya ninga, naye ni mla matunda kama ninga. Hupenda makuyu na hata mapera, ambayo kwao yaliletwa na binadamu. Kwa muda mrefu alikuwa amebaki katika kisiwa kimoja tu, Nuku Hiva, akiwindwa ijapokuwa sheria inakataza, huku panya wakipanda viotani na mbuzi na ng'ombe wakila miche ya msituni. Mwaka 2000 ndege watano walichukuliwa wakapelekwa kisiwa cha Ua Huka, ambako panya mweusi hakuwa amefika, na mwaka 2003 wakaongezwa watano wengine. Walizaa. Mwaka 2008 daraja la hatari la upe lilishushwa hatua moja.

Ndege kumi tu, na bila nusu karne ya vizimba! Ukiilinganisha na Mauritius, njia hii ni nafuu mno, na kwa mtu anayechanga pesa kidogo inavutia. Ugumu wake kwa Pemba hauko katika kuwasafirisha ndege; uko katika swali la wapi wapelekwe. Ua Huka ilikuwa na sifa tatu kwa pamoja: ina misitu yenye matunda, haina panya mweusi, na haikuwa na jamaa wa karibu wa upe. Kisiwa cha Misali, kilichoko magharibi mwa Pemba, kimehifadhiwa na kinatunzwa kwa heshima, lakini hakifikii hata kilomita moja ya mraba, na kundi la ninga lingemaliza matunda yake kisha likarudi Pemba kwa mbawa zake kabla ya mwezi kwisha. Ukielekea bara, unakuta pwani yote ina ninga wa Afrika, ambaye ni jamaa wa karibu kabisa wa huyu wa kwetu, na njiwa wa karibu namna hiyo huweza kupandana. Kule Shelisheli tetere wa asili alimezwa hivyo hivyo: waliletwa tetere kutoka Madagaska, wakazaana na wenyeji, na baada ya vizazi kadhaa yule wa asili akawa hatambulikani. Kuwatoa ninga wa Pemba ili kuwaokoa, kisha wakapotelea ndani ya damu ya jamaa zao, itakuwa hasara iliyogharamiwa.

Kwa maoni yangu njia hii isifutwe kabisa katika mipango ya muda mrefu, ila isiguswe na kikundi cha kijiji wala cha wafadhili wadogo. Ni uamuzi wa serikali na wataalamu, na haina njia ya kurudi nyuma kwa urahisi endapo mambo yatakwenda kombo.

Kubaki nyumbani: somo la popo

Mfano wa njia ya tatu hauhitaji kuvuka bahari. Popo wa Pemba, yule mkubwa mwenye manyoya mekundu anayekula matunda, alikuwa mwishoni mwa miaka ya 1980 karibu kwisha, kwa sababu ya kuwindwa kwa bunduki na kwa sababu ya kukatwa kwa miti aliyokuwa akilala mchana. Mwaka 1996 aliwekwa katika daraja la juu kabisa la hatari. Hakuokolewa kwa kufugwa wala kwa kuhamishwa. Kilichofanyika ni kwamba wanakijiji wanaoishi karibu na maeneo anayolala walisaidiwa kuanzisha vilabu vya kumlinda, shule zikafundisha habari zake, uwindaji ukadhibitiwa, na maeneo kama Kidike yakaanza kupokea wageni wanaolipa kidogo kuja kumtazama. Idadi yake imepanda hadi kupita 20,000, na daraja lake limeshushwa.

Mfano huu una uzito kuliko ile miwili kwa sababu kisiwa ni kile kile, miti ni ile ile, masheha na misikiti ni ile ile. Hata hivyo ninga si popo, na tofauti zao ndizo zinazopaswa kumshughulisha anayechagua. Popo hulala mahali pamoja, mamia kwa mamia, mwaka hadi mwaka. Ukilinda msitu mdogo mmoja umelinda kundi zima, na mgeni ukimleta saa yoyote ya mchana atawaona. Ninga hutanga kufuata matunda. Leo yuko kwenye mkuyu wa Makangale, wiki ijayo yuko kwenye miti ya shamba la mtu karibu na Wete, na hakuna geti unaloweza kuliweka ukauza tiketi. Kwa hiyo pesa za utalii, ambazo zilisaidia sana kwa popo, zitakuwa chache kwa ninga, na mpango wowote unaoandikwa kwa kuzitegemea uangaliwe kwa jicho kali.

Kuna tofauti nyingine ambayo husemwa mara chache, na ni vizuri isemwe wazi kwa kuwa ukweli wake utajulikana tu. Katika mikutano ya mazingira imezoeleka kuwaambia watu kwamba ndege wala matunda ndio wakulima wa msitu, wanameza mbegu huku na kuziotesha kule. Kwa upe maneno hayo ni ya kweli, kwa sababu tumbo la njiwa wakubwa wa jamii yake ni laini na mbegu hutoka nzima. Kwa popo pia ni kweli. Jamii ya ninga lakini ina firigisi yenye misuli mikali, husagia mbegu ndogo ndani yake, na mbegu nyingi za makuyu huishia humo. Anayetaka kumlinda ninga asimwombee kura kwa kazi asiyoifanya. Inatosha kusema kwamba ni ndege wa Pemba, hana kwao kwingine, na akiondoka hakuna pa kumwagizia.

Zikiwekwa ubavu kwa ubavu

Tukiuliza ni nini kinachomuua ndege, njia ya kufuga inajibu vizuri pale anapouawa na wanyama wa kuletwa ambao hawawezi kumalizwa haraka, na njia ya kuhamisha inajibu pale ambapo adui yuko kisiwa kimoja na hayuko kingine. Ninga wa Pemba anapungukiwa hasa na miti, na pili anapigwa manati na kunaswa. Karafuu zilipoenea katika karne ya 19, hasa baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuangusha mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikawa ndiyo ghala la zao hilo, sehemu kubwa ya msitu wa asili ilifyekwa, na kilichobaki kimejikusanya Ngezi na Vumawimbi, Msitu Mkuu, Ras Kiuyu na vipande vidogo vidogo. Adui wa namna hii hakimbiwi kwa kizimba, na ukimwachia ndege bila kumrudishia mti umemwachia njaa.

Tukiuliza nani anashika usukani, tofauti inaonekana zaidi. Kizimba kinaendeshwa na daktari wa wanyama na mtaalamu wa vinasaba; uhamishaji unaendeshwa na wizara na mashirika ya nje; mti uliosimama shambani kwa mtu unaendeshwa na mwenye shamba. Sheria ya Usimamizi na Uhifadhi wa Rasilimali za Misitu ya Zanzibar, Namba 10 ya mwaka 1996, imewapa wanajamii nafasi ya kuingia mikataba na serikali ya kusimamia misitu yao, na mradi wa HIMA (Hifadhi ya Misitu ya Asili) ulioanza mwaka 2010 uliipanua mikataba hiyo katika shehia nyingi za Unguja na Pemba. Chombo kipo tayari. Mchangiaji wa Maskat hahitaji kubuni taasisi mpya yenye mhuri na mwenyekiti. Anahitaji kuuliza kama shehia anayotoka ina mkataba wa namna hiyo, na kama unafuatwa.

Kuhusu muda, kizimba huonyesha matokeo mapema, kwa maana ya makinda yanayoweza kupigwa picha, ilhali mti unaopandwa leo utachukua miaka kabla ya kumlisha yeyote. Hiki ndicho kigezo ambacho njia ya tatu inashindwa, na wafadhili wengi hukimbilia picha. Lakini mti uliokwisha kukua na ambao umezuiwa kukatwa unamlisha ninga siku hiyo hiyo, na hapo ndipo ninapoona pesa kidogo zinapofika mbali zaidi.

Ndani ya njia ya tatu kuna kuchagua tena

Mti mkubwa wa Pemba una wateja wengi. Mwembe mkongwe hutoa gogo la mtumbwi, hutoa kuni za kuchomea chokaa, na msumeno wa moto huuangusha kwa muda usiozidi kikombe cha chai kupoa. Mwenye nao huuza kwa sababu ana mtoto anayetakiwa shuleni au nyumba isiyokwisha, wala si kwa sababu anawachukia ndege. Kikundi kikitaka kuuhifadhi mti kama huo kina njia mbili: kumtisha kwa sheria, au kumlipa kidogo na kumpa heshima. Sheria inafaa kwa mtu anayeingia Ngezi usiku. Kwa mwenye shamba, makubaliano yaliyoandikwa mbele ya sheha, yenye malipo madogo ya kila mwaka au bati chache za paa, hufanya kazi ambayo faini haiifanyi, kwa sababu mwenye mti mwenyewe anakuwa mlinzi wake.

Ikiwa ni kupanda, swali ni mti gani. Wengi hukimbilia miche ya matunda ya biashara kwa kuwa inakubalika haraka, na hakuna ubaya, ila ninga anahitaji zaidi mikuyu na jamaa zake. Sababu yake ni ratiba. Miembe huzaa kwa msimu, kisha miezi inapita bila tunda. Mikuyu haizai yote kwa wakati mmoja, huu unaiva mwezi huu na ule wa ng'ambo ya bonde unaiva mwezi mwingine, hivyo mikuyu ishirini iliyotawanyika huwavusha ndege katika kiangazi. Upo mti wa jamii hiyo ambao Zanzibar huitwa mlandege, na jina lenyewe linakuambia wateja wake ni akina nani. Ni mti ule ule ambao Uganda huitwa mutuba, ambao Waganda hutengenezea nguo za magome, nao kwa karne nyingi wamekuwa wakiuotesha kwa kukata tawi nene na kulichimbia ardhini. Hakuna kitalu, hakuna mifuko ya plastiki, hakuna gari la kubebea miche. Mvulana mwenye panga na shoka anaweza kupanda vipande kumi kwa asubuhi moja wakati wa masika, mradi mbuzi wazuiwe.

Tahadhari moja inafaa hapa. Usipandwe mti wa kigeni kwa sababu tu una matunda mengi na unakua haraka. Msizi, ambao kitaalamu huitwa Maesopsis eminii, ulipandwa Amani katika milima ya Usambara kwa nia njema, ukaenea ndani ya msitu wa asili hadi ukawa tatizo, na Ngezi nayo imekwisha kuuona.

Kuhusu uwindaji, hapa pia chaguo lina ngazi. Manati ya mtoto huua ndege mmoja mmoja, na dawa yake ni klabu ya shule na mwalimu anayeijua kazi. Ulimbo ni jambo jingine. Utomvu wa mshelisheli au mfenesi huchemshwa hadi ukawa gundi, hupakwa kwenye vijiti, na vijiti huchomekwa kwenye matawi ya mkuyu uliokwisha kuiva. Ninga anapotua humnata miguu na mbawa, na kadiri anavyojitupa ndivyo anavyozidi kunata. Mtu mmoja mwenye vijiti thelathini anaweza kuondoka na ndege wengi kutoka mti mmoja kabla ya saa tatu. Kwa kuwa ulimbo hutegwa pale pale penye mti unaoiva, mlinzi wa mti ndiye mlinzi wa ndege, na hii ni sababu nyingine ya kuweka nguvu kwenye makubaliano ya miti badala ya kuajiri walinzi wa kuzunguka kisiwa. Kisiwani Misali, dhidi ya uvuvi haramu, maneno ya dini yalitumika kwa mafanikio mwishoni mwa miaka ya 1990 na baada yake, yakiwakumbusha wavuvi kwamba binadamu ni khalifa aliyekabidhiwa dunia na si mwenye mali. Khatibu wa Ijumaa anayezungumzia ndege aliyenaswa ulimbo atasikilizwa na watu ambao bango la idara halitawafikia kamwe.

Lini uamuzi ubadilike

Ninaichagua njia ya tatu kwa hali ya leo, na hali inaweza kubadilika. Kwenye visiwa vya Komoro yupo ninga mwingine, jamaa wa karibu wa wetu, aliyekuwa Ngazija na Nzwani pia, na sasa amebaki Mwali peke yake. Visiwa viwili vilimpoteza kwa sababu zile zile zinazotajwa Pemba, yaani msitu uliofyekwa na uwindaji. Ikiwa ninga wa Pemba wataanza kukosekana katika mashamba na kubaki Ngezi tu, mazungumzo ya kuweka kundi la akiba yaanze mara moja, wakati bado wapo wazazi wengi wa kutosha kuepuka lile tatizo la damu finyu lililowapata wenzao wa Mauritius. Kadhalika kunguru wa Kihindi, ambao waliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili wasafishe taka na wakaishia kula mayai na makinda ya ndege wengine, wakiongezeka katika maeneo ya miti mikubwa, kuwadhibiti kutakuwa na maana kuliko kupanda mkuyu wowote.

Ili kuyajua hayo lazima kuwe na hesabu, na hesabu ya ninga haihitaji ndege zisizo na rubani. Kikundi chenye pesa za jambo moja tu mwaka huu kichague shehia moja, kiorodheshe mikuyu na miembe yake mikubwa pamoja na majina ya wenye nayo, kiandikiane na wale watakaokubali, na kimlipe kijana mmoja mwenye subira akae chini ya miti kumi ile ile, asubuhi moja ya kila mwezi, tangu alfajiri hadi saa mbili na nusu, akiandika daftarini ni mti upi umeiva, ni ninga wangapi wametua, na kama ameona kijiti chenye ulimbo.